Blanketi Juu ya Waya

Kamba yoyote ikikazwa, yeye alihama. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka juu ya jirani yangu, mtu ambaye kijiji kizima kilimwita Baharia. Awe katikati ya mazungumzo, awe ameshika kikombe cha chai, mtu akianza kumvuta ng'ombe mkaidi mbele yake, alipiga hatua tatu pembeni, kisha akaendelea na maneno yake palepale alipoyaachia. Hata kamba ya kuanikia nguo, ikiwa imevutwa na mablanketi mabichi, hakupita karibu nayo. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope, akatokea upande wa pili viatu vimejaa udongo.

Watu walisema mtu anayeogopa kamba ana jambo lake. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nikiandika ukweli, mimi nilikuwa wa kwanza.

Nilisoma hadi kidato cha nne, na kwa miaka mingi nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu na mzee wa kanisa. Mtu akitaka kusomewa barua ya serikali alikuja kwangu. Akitaka kujua mbolea ipi inafaa kwenye viazi, alikuja kwangu. Baharia alipojenga juu ya kilima, baada ya miaka mingi ya kutokuwepo, alikuja na habari ambazo mimi sikuweza kuzithibitisha wala kuzikanusha. Jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alisema amefanya kazi katika meli ya kulaza nyaya chini ya bahari. Hazikuwa nyaya za umeme tu, bali zile zinazopitisha maneno ya simu kutoka nchi moja hadi nyingine. Alisema waya wenyewe hukunjwa ndani ya tumbo la meli kama nyoka aliyelala, kisha hutolewa polepole kupitia mashine yenye mikanda inayoukamata pande zote, mpaka unateleza na kuzama nyuma ya meli. Na karibu na pwani, alisema, meli huburuta plau ya chuma kubwa kuliko nyumba yangu, inayochimba mfereji kwenye sakafu ya bahari ili waya ufukiwe.

Hapo kwenye plau ndipo watu walipomshika.

"Baharini mnalima nini, Baharia?" mwenye duka alimuuliza siku moja, huku akipima sukari. "Mahindi au viazi mviringo?"

"Tunalima mfereji."

"Na palizi mnafanya lini?"

Watu wote barazani wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, kikatoka peke yake baada ya vyetu kwisha. Nilikiwekea alama kicheko hicho. Nilimwambia mke wangu jioni ile kwamba mtu mkweli hucheka pamoja na wenzake.

"Labda hakuona cha kuchekesha," mke wangu akasema.

Mkono wa kushoto wa Baharia haukuwa na vidole viwili vya mwisho. Alisema vilibanwa kati ya waya na gurudumu la winchi, mashine ya kuvutia nyaya, siku ambayo alivaa glavu iliyompwaya. Glavu iliingia kwanza, vidole vikafuata. Alilieleza jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza alivyopoteza kofia. Kijijini zilizaliwa hadithi nyingine tatu juu ya vidole hivyo, na zote zilikuwa na mganga ndani yake.

Kwenye mashine ya kusaga alikuwa kero. Alisimama mlangoni na debe lake la mahindi, akakataa kuingia mpaka kila mwanamke aliye karibu na mkanda afunge vizuri ncha za khanga yake.

"Baharia, umekuja kusaga au kutazama viuno vya watu?" mama mmoja akamwambia.

"Nimekuja kusaga, mama. Mkanda huo hauchagui kiuno."

Msagaji mwenyewe alimchukia kabisa, maana siku ya baridi kali alimwambia avue skafu shingoni, na alipokataa, Baharia alibeba mahindi yake bila kusaga akarudi nayo nyumbani. Alikula ndizi wiki nzima.

Alikuwa na misemo yake, na misemo hiyo ndiyo iliyonitia shaka kuliko vidole. Akiona kamba imevutwa alisema, "Kilichokazwa kina hasira." Akimwona mtu amekaa vibaya karibu na gogo linalovutwa alimwambia, "Simama pale ambapo waya haukuoni." Sasa, waya una macho? Mzee mmoja alimuuliza hivyohivyo. Baharia akamjibu, "Una jicho moja, nalo linatazama mbele na nyuma tu." Sisi watu wa Rungwe tumelelewa na ukungu. Tunajua kuna vitu vinavyoona bila kuonekana. Mtu akizungumza hivyo hadharani, hatumchukulii kuwa anafundisha kazi.

Wala hakuwa mtu wa kueleweka. Alikuwa akikwepa kila kamba, lakini hakuna aliyefunga fundo kama lake. Ng'ombe aliyefungwa na Baharia hakufunguka, na ulipotaka kumfungua, ulivuta ncha moja tu fundo likayeyuka. Alilaza nyaya za kupitishia simu za dunia, lakini yeye mwenyewe alikuwa na kitochi, simu isiyoweza kuonyesha hata picha. Lusajo, mwanangu, alipomuuliza kwa nini, alisema, "Najua kinachopita mle, na najua walichotoa watu ili kipite."

Lusajo alimpenda. Alikuwa tayari mtu mzima, mwenye mke na mtoto, lakini aliweza kukaa naye mchana kutwa akifundishwa mafundo. Hilo nalo sikulipenda.

Mazishini Baharia alifika kila mara, na kila mara alisimama mbali. Tulipokuwa tukimzika mama mkwe wangu nilikuwa mmoja wa wanaume wanne walioshika kamba za kuteremshia jeneza. Udongo ulikuwa umelowa, nami niliogopa kuteleza, kwa hiyo nilizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja changu. Baharia alitoka kule alikosimama, akaja moja kwa moja, akanipiga kofi mkononi mbele ya mchungaji na wafiwa.

"Usijifunge nayo," akasema. "Ikienda, itakwenda na wewe."

Kwaya ilinyamaza. Nilifungua kamba kwa sababu ya mshtuko, si kwa kumtii. Nilibaki na alama nyekundu mkononi na nyingine ndani, na hii ya ndani niliitunza. Mtu gani humwambia mwenzake kwamba atakwenda, tena akiwa juu ya kaburi?

Mara moja tu alinisimulia habari ya kifo. Alikuwa amekuja kukopa shoka, mvua ikamzuia barazani kwangu. Alisema siku moja walikuwa wakiipandisha plau kutoka baharini kwenda kwenye sitaha ya nyuma. Waya mkuu ulikuwa mzima. Uliokatika ni waya mdogo wa kuizuia plau isiyumbe, uliokuwa umejiviringisha kwenye ndoano bila mtu kuona. Mwenzake, kijana wa Tanga aliyependa kuimba, alikuwa amesimama kwenye mstari wa waya huo, ameinama kuokota nyundo.

"Hukusikia kelele," alisema. "Ulisikia wimbo umekatika."

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Aliinuka akatazama angani. Akasema mvua imepungua, na haikuwa imepungua. Akaondoka bila shoka. Mimi nilikaa pale nikajiambia, huyu anaficha kitu. Na hapo sikukosea. Nilikosea tu juu ya kitu chenyewe.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikizunguka nyuma ya nyumba kupaepuka.

Msimu mmoja wa masika lori la ndizi liliteleza kwenye kona iliyo chini ya kanisa, hatua chache kutoka nyumbani kwangu. Magurudumu ya nyuma yakaingia mtaroni. Likaitwa trekta la wavuna magogo, lenye winchi na waya wa chuma. Wanaume tulikusanyika kusukuma, nami kama mwenyekiti nikasimamia.

Baharia alikuja akautazama waya. Alitoa kitambaa mfukoni, akakipitisha juu yake, kitambaa kikanasa mara mbili.

"Mwenyekiti, waya huu umechoka. Nyuzi zimeanza kukatika."

"Umekuwa daktari wa waya siku hizi?" nikasema, watu wakacheka.

"Basi watu watoke kwenye mstari wake. Wote."

Hakuna aliyetoka. Alimshika Lusajo mkono wa shati, akampeleka nyuma ya ukuta wa mawe wa kalavati, kisha wote wawili wakatoweka kidogo. Nilidhani wamekwenda zao. Waya ulikuwa umeanza kukazwa pale Baharia alipotokea na blanketi begani, limelowa chapa, maji yanamchuruzika mgongoni. Alitembea kandokando ya waya, midomo ikichezacheza bila sauti. Alipofika katikati, akalitandika blanketi juu yake kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Mama mmoja akasema, "Anafanya nini yule?" Mwingine akajibu kwa Kinyakyusa maneno ambayo sitayaandika.

Nilikwenda nikalichomoa blanketi, nikalitupa mtaroni. "Uganga wako peleka juu kwenu," nikamwambia. Kisha nikamwona Lusajo amejibanza nyuma ya ukuta, nikaona aibu kwamba mwanangu mwenye ndevu amejificha mbele ya watu kwa sababu ya maneno ya Baharia.

"Lusajo," nikaita. "Toka huko. Njoo usukume na wenzako."

Alinitazama mimi, akamtazama Baharia. Akaja. Mtoto wa kwetu akiitwa na baba yake mbele ya watu, haji kwa kupenda, huja.

Winchi ikavuta. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama filimbi fupi, halafu majani ya mgomba upande wa pili wa barabara yakaanguka yamekatwa sawasawa. Lusajo alikuwa amekaa chini, anashangaa, mguu wake wa kulia umegeukia upande usio wake.

Aliyemfikia kwanza alikuwa Baharia. Alivua mkanda wa suruali akaufunga juu ya jeraha, akaukaza kwa kijiti, na hospitali walisema mkanda huo ndio uliomfikisha akiwa hai. Mkanda huo nao niliutumia dhidi yake.

Maana siku ya nne kilikaa kikao cha kijiji, Lusajo akiwa bado kitandani hospitali, nami nikasimama. Nikauliza, mtu aliyejua kwamba waya utakatika, alijuaje? Blanketi lililolowa lilikuwa la nini? Midomo ilikuwa inasema nini? Na vipi alikuwa na mkanda tayari na anajua mahali pa kufunga? Nilizungumza vizuri, nilikuwa na kipaji hicho. Habari yangu niliianzia kwenye blanketi. Sikusema neno juu ya kumwita mwanangu kutoka nyuma ya ukuta, na waliokuwepo hawakunikumbusha.

Baharia alipopewa nafasi aliuliza jambo moja tu. "Kijana anaendeleaje?"

"Mmeona?" mtu akasema nyuma. "Hana la kujibu."

Wazee wetu wanasema majirani wakinung'unika pamoja, pumzi yao huwa baridi inayomwingia mtu mwilini. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba salamu zilikoma. Akisema "Ugonile," mtu alitazama migomba. Hakuitwa tena kwenye kazi za pamoja, wala msibani. Alikohoa masika yote, na kiangazi kilipoingia akafunga godoro lake kwa lile fundo lake, akahamia kwa dada yake upande wa Matwebe. Lusajo alirudi na mguu usiokunjika. Nilimuuliza anakumbuka nini. Akasema, "Sikumbuki kitu, baba." Nilishukuru, na tangu siku ile nikaanza kumshuku kwamba anakumbuka.

Mke wangu alifariki miaka mingi baadaye. Nilipofungua sanduku lake nilikuta, chini kabisa, blanketi la kijivu lenye mistari myekundu, limefuliwa na kukunjwa. Nililitambua papo hapo. Lilikuwa lile la mtaroni. Kwa kuwa naandika makosa yangu, hili nalo niliandike: nilimshuku marehemu. Nilijiuliza kwa nini alitunza kitu cha Baharia miaka yote, na walikuwa na nini wawili hao. Nililala na wazo hilo zaidi ya mwaka.

Kisha simu zikagoma. Siku kadhaa mtandao ulikufa nchi nzima, na redio ikaeleza kwamba waya uliolazwa chini ya bahari umekatika na meli imetumwa kuuunganisha. Nilikuwa barazani dukani. Mwenye duka aliacha kupima sukari.

"Kumbe meli hizo zipo," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilirudi nyumbani, nikalitoa blanketi sandukuni.

Lusajo alikubali kunisindikiza. Tulishuka kwenye gari barabarani, tukaingia njia ya migomba kwa mwendo wa mguu wake, mimi nimebeba mfuko, yeye hakuuliza una nini. Baharia tulimkuta uani kwa dada yake anamenya ndizi. Amekonda, nywele zote nyeupe. Alituletea vigoda, akaviweka mbali na kamba ya nguo.

Salamu zilipokwisha nilisema, "Nimekuja kukurudishia blanketi lako. Na nimekuja kusema kwamba nilisema uongo kikaoni. Nilimtoa mwanangu pale ulipomweka."

Aliendelea kumenya mpaka ndizi ile ikaisha.

"Siku ile barazani kwako uliniuliza nilikuwa wapi," akasema. "Nilikuwa kwenye winchi. Mkono wangu ulikuwa juu ya mpini. Nilimwona yule kijana ameinama kwenye mstari, nikasema, ataondoka sasa hivi. Sikusimamisha."

"Ndiyo maana hukujitetea?"

"Niliposikia mnasema nimeua mguu wa mtu, nilijiambia, deni la kule linalipwa huku." Alifuta mikono. "Ulikuwa ujinga. Kijana wa Tanga hakupata chochote kutokana na ukimya wangu. Na wewe ulipata kisichokufaa."

Nikaufungua mfuko, nikamkabidhi blanketi. Alilipapasa, akaligeuza, akanirudishia.

"Hili si langu."

"Ndilo lile. Nalikumbuka."

"Ndilo lile, lakini si langu. Mimi nilikaa kilimani, ningefika lini? Nyumba yako ilikuwa karibu. Nilimwambia mkeo, nipe kitu kizito cha kulowesha, waya ukikatika kitaulemea usiruke. Akatoa kwenye kitanda cha wageni. Nilikuwa nahesabu hatua nipate katikati, wewe ukaja."

Nililitazama. Katika maisha yangu yote sikuwahi kutandika kitanda wala kukunja blanketi. Nilikuwa nimelala chini ya bati moja na kitu hicho bila kukijua, nikakitupa mtaroni nikakiita uganga.

"Lusajo," nikasema, "wewe ulijua?"

Alikuwa ameunyoosha mguu wake mbele yake, anautazama. "Nililibeba mimi kutoka ndani, baba. Mama akalimwagia ndoo ya maji."

"Ulisema hukumbuki kitu."

"Niliporudi kutoka hospitali neno lilikuwa limeshakuwa la kijiji. Mama aliniambia, tukisema blanketi ni letu, kesho watatuita sisi. Na wewe ungeaibika." Akanitazama. "Nilingoja useme mwenyewe."

Baharia aliinuka, akatufungia mkungu wa ndizi wa kurudi nao.

"Kunieleza mimi hakutoshi," akaniambia. "Nenda ukaseme palepale uliposema. Ila ukisema, maneno yatakatika kama waya, na yatampiga mtu. Jua pa kusimama." Akacheka, na safari hii mimi ndiye niliyechelewa kucheka.

"Ndaga fijo," nikamshukuru. Akaitikia kwa kichwa.

Kikao kilichofuata cha kijiji niliomba nafasi. Sina cheo tena, nilipewa dakika chache mwishoni, watu wakiwa wameanza kuchukua miavuli yao. Lusajo alikuwa amekaa mbele. Nilitoka ukutani nikaenda katikati kabisa, mahali ambapo kila mtu angeniona, blanketi nimelikunja mwenyewe, vibaya, nimelishika kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," nikasema, "blanketi hili ni la nyumbani kwangu."